Mulongwe: mashini ya kukata herufi haifi kwa siku moja

UVIRA, Kivu ya Kusini. – Mtu anayepita Mulongwe kwa barabara kuu, ile RN5 inayotoka Bukavu na kuendelea mpaka Kalundu na Baraka, anasoma njia nzima bila kujua kwamba anasoma. Famasi, saloni, shule, kanisa, duka la kubadilisha pesa, kibanda cha kutuma pesa kwa simu, ubavu wa boti, namba kwenye jile za wamotari: kila mahali kuna herufi. Zamani zilichorwa kwa brashi na rangi ya mafuta, na kila mchoraji alijulikana kwa mkono wake. Leo nyingi zinatoka kwenye mashini isiyozidi upana wa meza, inayokata vinili, ile plastiki nyembamba yenye gundi ambayo wengi hapa wanaiita otokolani.

Katika karakana moja ya Mulongwe, si mbali na barabara hiyo, mashini ya namna hiyo inalisha nyumba tatu: ya fundi mwenyewe, na za vijana wawili anaowafundisha kazi. Ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, ikavuka mpaka kutoka Bujumbura ikiwa imefungwa ndani ya blanketi. Ikisimama, nyumba tatu zinasimama nayo. Ndiyo sababu maneno «mashini imekufa» yanaogopesha hapo ndani. Lakini fundi huyo ana jibu lake, na vijana wamekwisha kulikariri: mashini hii haifi kwa siku moja. Inaugua kidogo kidogo, na mara nyingi ugonjwa si wake. Ni wa kisu, wa vumbi, wa umeme, au wa mtu aliyeigusa mwisho.

Kwanza ieleweke kwamba mashini hii haichapi. Inachora, ila mahali pa kalamu kuna kisu kidogo sana, chembamba kama msumari, kinachozunguka chenyewe kufuata mstari jinsi gurudumu la mbele la kitoroli linavyofuata njia. Kompyuta inaiambia: nenda hapa, shusha kisu, nenda pale, inua kisu. Mashini nyingi zinaelewa lugha inayoitwa HPGL, iliyotungwa na kampuni ya Hewlett-Packard kwa ajili ya mashini za kuchora plani, na katika lugha hiyo milimita moja imegawanywa hatua 40. Kisu kinakwenda kushoto na kulia, vinili inakwenda mbele na nyuma. Mwendo huu na ule vikikutana sawasawa, herufi inazaliwa.

Kampuni ya Gerber ya Marekani ni kati ya zilizofungua njia hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mashini yake iliyoitwa Signmaker. Mwanzilishi wake, Joseph Gerber, alizaliwa Vienna mwaka 1924 na kufika Marekani akiwa kijana aliyewakimbia Wanazi. Baadaye zikaja mashini za Japani, kisha za China zenye bei ya chini, mpaka karakana ya mtaa ikaweza kuwa nayo moja. Bei ilishuka, lakini kanuni ya kazi haikubadilika: kisu lazima kipasue plastiki na gundi, na kisipasue karatasi iliyo chini yake. Plastiki ya vinili ya kawaida ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Kati ya kukata kidogo mno na kukata kupita kiasi, nafasi iliyobaki ni nyembamba kuliko unywele.

Kazi iliyoleta taabu safari hii ilikuwa ndogo. Mama mmoja muuguzi aliagiza plaki za bati za kuweka mahali watu wanapochota maji yasiyosafishwa. Maandishi yalikuwa maneno manne: «MAJI SI YA KUNYWA». Wakaaji wa Uvira hawahitaji kuelezwa sana kwa nini. Kolera imezoea mji huu kwa miaka mingi, na anayekosa maji ya bomba anachota ziwani au mtoni. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulivunja kingo zake, makumi ya watu wakafa na maelfu ya nyumba zikaharibika, na tangu hapo hakuna mkaaji wa mtaa huu anayeuangalia mto huo kwa macho ya zamani. Tena maji ya kolera hayana rangi yake. Yanaweza kuwa meupe kabisa ndani ya kidumu na kumlaza mtu kabla ya jioni.

Mashini ilikata plaki ya kwanza vizuri kwa macho. Kijana mmoja akaanza kung'oa mabaki, yaani ile vinili inayozunguka herufi na isiyotakiwa. Alipofika kwenye neno la pili, herufi I ilitoka pamoja na mabaki, na pembe za S zikainuka. Akasimamisha mkono.

«Papa,» akamwita fundi, «hii S nayo ikianguka, plaki itasema maji ya kunywa.»

Ndivyo ilivyokuwa. Katika maneno manne, moja kati ya yale mafupi kuliko yote ndilo linalobeba onyo. Likidondoka hapo karakanani, mtu ataliona. Likidondoka baada ya wiki mbili za jua na mvua, plaki yenye jina la kituo cha afya itakuwa inawakaribisha watoto wanywe.

Majirani walitoa mashauri kama kawaida. Mmoja alisema mashini imezeeka, inunuliwe nyingine. Mwingine alisema ipelekwe Bujumbura kwa mafundi. Wa tatu, ambaye naye ana mashini kama hiyo, alisema iongezewe nguvu ya kisu tu. Shauri hilo la tatu ndilo linaloharibu mashini nyingi. Nguvu ya kisu inahesabiwa kwa gramu, na vinili ya kawaida inakatwa kwa gramu 80 mpaka 120 hivi, kutegemea mashini na kisu. Kisu butu kikiongezewa nguvu hakiwi kikali. Kinavuta vinili badala ya kuikata, kinatoboa karatasi ya chini, kisha kinachimba mfereji kwenye ule utepe mweupe uliolala chini ya njia yake. Kesho yake, hata kisu kipya kikiwekwa, kitatumbukia ndani ya mfereji huo na kukata ovyo.

Kanuni ya fundi ni mbili tu. Ya kwanza: anza na kitu cha bei ndogo. Ya pili: badilisha kitu kimoja kwa mara moja, kisha jaribu. Anayebadilisha vitatu pamoja, mashini ikipona hajui dawa ilikuwa ipi, na ikizidi kuugua hajui sumu ilikuwa ipi.

Akaanza na jaribio. Mashini nyingi zina kitufe cha kukata alama ndogo ya mraba au duara kwenye kipande cha pembeni. Alama inang'olewa kwa ncha ya kisu cha mkono, kisha karatasi ya chini inatazamwa kwenye mwanga. Kisu kikiwa sawa, kinaacha mkwaruzo mwepesi unaoonekana lakini hausikiki kwa ukucha. Pasipo mkwaruzo, hakijafika. Mkwaruzo ukitokea upande wa pili, kimepita. Alama ya karakanani siku hiyo ilikuwa na ugonjwa wa aina mbili: mstari mmoja umekatwa, wa pili umekwaruzwa tu. Hapo fundi akajua kwamba tatizo si nguvu, kwa sababu nguvu ilikuwa ile ile kwa mistari yote.

Akazima mashini, akaitoa kwenye umeme, akafungua kishikio cha kisu. Ndani kulikuwa na uzi wa vinili uliojiviringisha kama unywele kwenye kitana, na kisu hakikuzunguka kwa uhuru. Kisu kisichozunguka kinaingia kwenye pembe kikiwa kimeelekea upande usio wake, ndiyo maana pembe zinainuka na duara halifungi. Aliusafisha kwa brashi kavu, akakirudisha, akajaribu tena. Duara likafunga, ila pembe za S bado hazikupendeza.

Ndipo akauliza swali ambalo mafundi wengi wanalisahau: kabla ya plaki hizi, kisu hiki kilikata nini? Kijana wa pili akajibu kwamba wiki nzima kilikuwa kinakata vinili inayong'aa usiku, ya namba za wamotari. Vinili hiyo inarudisha mwanga wa taa kwa sababu ndani yake mna vipande vidogo sana vya kioo au vya plastiki ngumu, na kisu kinachopita humo kinachakaa haraka kuliko kwenye vinili ya kawaida. Kazi ya namba ilikula ncha ya kisu, na plaki za maji ndizo zilizolipa deni.

Kikawekwa kisu kipya. Ncha yake haitolewi nje sana: kinachoonekana chini ya kishikio kinatosha kuwa nusu ya unene wa kadi ya benki, na kwa vinili nyembamba hata pungufu ya hapo. Kisha fundi akasoma paketi, maana visu havilingani. Kile chenye mwinamo wa digrii 45 ndicho cha kazi za kila siku. Cha digrii 60 ni cha vinili nene na cha herufi ndogo zenye mapambo. Tena ncha ya kisu haikai katikati kabisa ya mhimili wake, imesogea kidogo, kwa visu vingi milimita 0,25, na mashini inatakiwa kuambiwa kipimo hicho. Ikipewa kipimo cha kisu kingine, pembe za herufi zitakuwa za mviringo au zitatoa mikia, na mwenye kazi atailaumu mashini ambayo imetii tu alichoambiwa.

Kulikuwa bado na jambo la joto. Kando ya ziwa, mchana, gundi ya vinili inalainika. Kazi ikikatwa asubuhi na kuachwa mpaka jioni, gundi inajirudi kwenye mstari uliokatwa na kuuziba, kisha herufi ndogo zinang'oka na mabaki. Kwa hiyo herufi ndogo zinang'olewa mabaki mara tu baada ya kukatwa, na roli za vinili zinasimamishwa kwenye kivuli, mbali na ukuta unaopigwa na jua.

Tangu siku hiyo vijana wana visu viwili vyenye alama ya rangi: kimoja cha vinili inayong'aa, kimoja cha kazi nyingine. Ni mabadiliko ya garama ndogo, na bei ya kisu haifiki hata karibu na bei ya mashini wala na garama ya kuivusha mpaka.

Magonjwa mengine ya mashini hii nayo yanajulikana, na yana dalili zake. Vinili ikitembea upande, maandishi marefu yakaanza sawa na kumalizika yamepanda kama mlima, kwanza yanatazamwa magurudumu mawili ya mpira yanayoikandamiza. Kila moja lazima likae juu ya gurudumu la chuma lenye ukwaruzo, na yote mawili yashushwe kwa nguvu iliyo sawa. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara linajaza ukwaruzo huo na vinili inateleza. Dawa ni mswaki wa zamani, mkavu. Mafuta hayatiwi hapo hata tone. Kabla ya kazi ya mita mbili au tatu, vinili inatolewa mbele urefu wote kisha inarudishwa: ikirudi mahali pake, kazi ianze. Ikisogea, ipangwe upya kabla ya kuharibika.

Herufi zikiwa nzuri lakini vipimo si sahihi, jaribio ni mraba wa milimita 100 kwa 100. Upimwe pande zake, kisha upimwe kutoka pembe mpaka pembe. Mistari hiyo miwili ya kukingama yote inatakiwa kuwa milimita 141 na kidogo. Mraba ukiwa sawa kwa umbo lakini mkubwa au mdogo kwa kipimo, tatizo liko kwenye programu au kwenye namba za kurekebisha vipimo. Mistari ya kukingama isipolingana, vinili haikuingizwa sawa.

Mashini ikikaa kimya kabisa, taa zinawaka lakini haiitiki, isifunguliwe kwa bisibisi. Mara nyingi kijana amechomoa kamba ya USB na kuichomeka kwenye tundu jingine, na kompyuta imeipa njia hiyo namba mpya huku programu ikiendelea kutuma kazi kwenye namba ya zamani. Kamba nayo isiwe ndefu: kwa USB ya kawaida, mita 5 ndiyo mwisho, na kamba fupi ni bora. Wenye mashini za zamani wanajua pia kwamba mwendo wa mazungumzo, kwa mfano 9600, lazima uandikwe sawa pande zote mbili. La sivyo mashini itakata michoro ya kichaa.

Umeme ndio mgeni asiyebisha hodi. Ukikatika katikati ya kazi, mashini inasahau ilipokuwa, na kipande hicho hakiokoleki. Ukishuka nguvu bila kukatika ni vibaya zaidi, maana injini inaruka hatua na nusu ya neno inasogea pembeni. Karakana hiyo iliweka onduleri yenye batri kati ya ukuta na mashini. Wanaotumia jenereta wanaiacha kwanza itulie ndipo wanawasha mashini, na wanaizima mashini kabla ya kuzima jenereta.

Kuna siku mashini inaugua kweli. Mkanda unaovuta kisu ukilika meno, kosa linarudi mahali pale pale kila safari, hata kisu kiwe kipya. Injini ikinguruma bila kusogea, au kukitokea harufu ya kuungua, kazi inasimama na umeme unachomolewa. Hapo ndipo safari ya Bujumbura inakuwa na maana. Hata hivyo anayekwenda na kaye mkononi anahudumiwa upesi kuliko anayekwenda na malalamiko.

Kaye hiyo ndiyo mali ya pili ya karakana. Ni daftari la shule la kawaida. Kila kazi ina mstari wake: tarehe, aina ya vinili, kisu gani, nguvu, mwendo, na kilichotokea. Ukurasa wa plaki za maji unasema: uzi ndani ya kishikio, kisu kimechakaa kwa namba za wamotari, nguvu haikuguswa. Kijana akihama, maarifa yake yanabaki. Mjini ambamo vita na maji vimewahamisha watu wengi, na wengine hawakurudi, hilo si jambo dogo.

Plaki zenyewe zilibadilika kabla ya kutoka. Fundi hakuridhika kwamba kisu kimepona. Alimwambia mteja wake wazi: «Mama, hata nikikata vizuri, jua litafanya kazi yake. Tusiache onyo lote juu ya herufi mbili.» Muuguzi akafikiri, akakubali. Maandishi mapya yakawa «USINYWE MAJI HAYA», herufi nene, na juu yake picha ya glasi iliyokatwa kwa mstari mwekundu, kwa ajili ya asiyesoma. Herufi moja au mbili zikibanduka, maneno yataharibika, lakini picha itaendelea kusema. Bati lilioshwa kwa sabuni, likakaushwa, likapanguswa kwa spiriti kabla ya kubandikwa, kwa sababu gundi inayobandikwa juu ya vumbi inashika vumbi, haishiki bati.

Desturi moja zaidi imeingia karakanani, na haihitaji umeme wala kisu. Kabla ya kazi yoyote kukabidhiwa, mtu ambaye hakuikata anasimama mbele yake na kuisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mara mbili sasa mtindo huo umenasa kosa: kwenye namba moja ya simu ya famasi, na kwenye jina la mtoto aliyefariki, lililokuwa linakwenda kubandikwa kwenye msalaba wake.